Lori la jeshi: liundwe kwa ajili ya vita, au liwe lile la Segera lililopakwa kijani?

Fundi wa Ngamiani (mwanzisha mada)

Wagosi, habari za jioni. Juzi kijiweni kwetu Ngamiani tulibishana mpaka kahawa ikapoa. Jirani yetu mmoja mstaafu alishikilia kwamba jeshi linalojiheshimu linunue malori kwa kiwanda kilichozoea kuunda magari ya vita. Haya ya kubeba saruji ya Pongwe, anasema, tuwaachie wafanyabiashara. Nilimkatalia, naye akanikatalia, tukaachana bila mshindi. Naileta hapa mnipinge kwa hoja.

Mimi nasema jeshi lichukue lori la ukoo uleule tunaouona kila siku kati ya Segera na Horohoro. Injini ileile, gia boksi ileile, difu ileile. Kisha liongezewe ya kijeshi: ekseli ya mbele nayo ivute, tairi nene, bodi ya kubeba askari, taa za kujificha usiku. Sababu yangu ni spea, basi. Siku ya gwaride kila lori linang'aa. Tukutane saa tisa usiku, bushi imekwisha na duka la karibu liko wilaya ya pili.

Haya nimeyaona kwa macho. Mteja wangu aliniletea lori la kigeni linalovuta magurudumu yote, alilolipata mnadani. Kampuni siitaji. Kidude cha kusoma presha ya oili, kidogo kuliko kidole gumba, kilikufa, gari likakataa kuwaka. Muuzaji akasema lazima aje mtu wake na kompyuta yake. Wiki tano! Pembeni yake kulikuwa na Scania iliyofunguliwa injini yote. Ikafungwa, ikaenda Tunduma, ikarudi, mwenzake bado kalala na kuku wametagia chini yake.

Mstaafu wa Raskazone

Fundi, umekuja kunisema huku nako? Haya.

Umewahi kulala chini ya Tatra? Nazungumzia lori la kule Kopřivnice, Jamhuri ya Czech. Halina chesisi ya mbao mbili za chuma kama Scania yako. Uti wake wa mgongo ni bomba moja nene katikati, propela shafti inapita ndani ya bomba hilo, haipigwi na jiwe wala haiingii tope. Ekseli zake ni nusunusu, kila gurudumu linapanda na kushuka kivyake. Mhandisi Hans Ledwinka alianza na mpango huo kwenye gari dogo mwaka 1923, na mpaka leo kiwanda hakijauacha, kwa sababu unafanya kazi. Lori likikanyaga shimo upande mmoja, mzigo haujipindi. Ipeleke Scania yako ya saruji bonde la Rufiji mwezi wa nne, halafu uje utusimulie.

Na hicho kidude chako kilichokufa kinakuponza mwenyewe. Ukinunua lori jipya la kiraia leo, ndilo lenye vidude vingi zaidi: vya kuchuja moshi, vya kupima kila pumzi ya injini. Majeshi huuziwa injini za viwango vya chini vya Euro (vipimo vya Ulaya vya moshi wa magari), zisizo na mitambo hiyo yote, ili zistahimili dizeli yenye salfa nyingi. Kwa hiyo lori rahisi kwa fundi wa kijijini ni lile la kijeshi unalolikataa.

Mwalimu wa Chumbageni

Nipite na historia kidogo, nisamehewe, ni ugonjwa wa kazi.

Novemba 1914 Waingereza walishusha hapa Tanga askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, wakapigwa na kikosi kidogo cha Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Watu wanapenda kusimulia nyuki. Nyuki walikuwepo kweli, ila kilichomuokoa Mjerumani ni treni: askari wake waliteremshwa kwa reli kutoka Moshi wakafika kwa wakati. Baadaye vita vilipohamia porini, kusiko na reli, na mbung'o wakaua farasi na ng'ombe, mzigo ukahamia vichwani mwa watu. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwa njaa na maradhi. Jina la Kariakoo ya Dar limetokana na kikosi hicho cha wapagazi, Carrier Corps, na wanaonunua vitenge pale wachache wanajua.

Rukeni mpaka 1978, vita vya Kagera. Serikali ilichukua magari ya mashirika na ya watu binafsi kubebea askari na chakula. Hapo Fundi anapata alama: siku ya shida lori la jeshi litakuwa pia lori la jirani yako. Yakiwa ukoo mmoja, utingo yeyote anajua chujio la dizeli liko wapi.

Mdau wa Mabokweni

Wote mnabishana lori la mzungu gani. Nyumbu mmewasahau? Kile kituo cha teknolojia ya magari cha Kibaha, chini ya Wizara ya Ulinzi, na lori lao wenyewe waliliunda miaka ya 1980.

Fundi wa Ngamiani

Sijawasahau, mgosi. Lori lile halikuwahi kuundwa kwa wingi, na kosa halikuwa la mafundi. Kiwanda cha lori hakiishi kwa mteja mmoja.

Wazee wetu walikuwa wakiisifu Bedford. Ilibeba jeshi la Uingereza miaka nenda rudi. Zabuni kubwa ya jeshi ikaenda kwa Leyland, na mwaka 1986 General Motors, wenye Bedford, wakaachana na malori makubwa ya Bedford. Leyland DAF nao wakafilisika 1993. Kuanzia mwaka 2005 Mwingereza akaagiza malori zaidi ya 7,000 ya MAN, yanayoundwa Vienna. Nchi iliyokuwa ikituuzia sisi malori! Na Marekani, Oshkosh waliounda gari jepesi la kivita la JLTV walinyang'anywa mkataba uliofuata mwaka 2023, ukaenda kwa AM General. Mteja akiwa jeshi peke yake, saini moja inafunga geti.

Hapohapo Kibaha TAMCO walikuwa wakiunganisha Scania za kila mtu: za mabasi, za mkonge, za serikali. Kiwanda kimekufa, ila mafundi wake wamefundisha mafundi, na ndiyo maana hata mimi mtoto wa juzi naifungua Scania nimefumba macho.

Muuza spea, Makorora

Mimi ni mama wa dukani, sijui vita. Najua kwamba kitu kinachouzwa na mtu mmoja tu, bei anapanga yeye.

India ilianza kuchukua Tatra mwaka 1986 kupitia shirika lao la umma, BEML. Mwaka 2012 mkuu wa jeshi lao la nchi kavu, Jenerali V. K. Singh, akasema hadharani kwamba aliahidiwa hongo ya rupia milioni 140 apitishe ununuzi. Na malori yalikuwa na usukani kushoto, wakati India wanaendesha kushoto kama sisi! Mstaafu, hapo lori lilikuwa zuri, sibishi. Mnunuzi ndiye aliyefungwa kamba.

Mstaafu wa Raskazone

Mama, hilo umenipata. Lakini hata lori la kiraia lina kamba zake. KAMAZ mpya, lori la Mrusi, ilikuwa na kebini ya Daimler wa Ujerumani. Februari 2022 Daimler Truck wakasitisha ushirikiano, Mrusi na ukubwa wake wote akabaki anatafuta vipuri.

Fundi wa Ngamiani

Basi nalegeza kidogo. Malori ya kuvuta mizinga na ya kuvuka mito yawe ya Mstaafu, machache. Yanayobeba maji, unga na askari, ambayo ndiyo mengi, yawe ya Segera. Na kwa yote mawili muuzaji asilipwe fungu la mwisho mpaka fundi wa Kibaha aifungue gia boksi na kuifunga mwenyewe, bila kompyuta ya mtu.

Ila Mstaafu, swali: hilo bomba la katikati likipasuka Rufiji, unalishona na nini?

Mstaafu wa Raskazone

Halishonwi. Limeungwa kwa vipande, unafungua boliti unatoa kipande kibovu.

Fundi wa Ngamiani

Na kipande kizima kiko duka gani hapa Tanga?

Mstaafu wa Raskazone

Kesho tutaongea kijiweni.