Nimepigwa 22,000 Kariakoo, king'oa pini kimekunjika kwenye sofa ya kwanza tu!!

Wakuu leo sina salamu ndefu, nina hasira na kidole kimefungwa bandeji, kwa hiyo nikikosea herufi mnivumilie.

Mimi fundi sofa, nipo Keko, mwaka wa 11 huu. Wiki iliyopita mama mmoja kaniletea seti ya watu 7, fremu mninga mtupu, anataka nizivalishe upya. Sasa nyie mnaokaa sebuleni mnaona kitambaa kipya tu, hamjui kwamba siku mbili za kwanza fundi hashoni chochote, anang'oa. Na fundi aliyenitangulia kwenye hizi sofa (Mungu anamwona) alikuwa anapiga pini (vile vyuma vya miguu miwili vinavyoshikilia kitambaa kwenye mbao) kama mtu anacheza gemu, kitambaa kipya juu ya cha zamani, tabaka tatu, pini za 8010, yaani miguu ya mm 10 imezama yote kwenye mninga. Ukiacha hata kipande kimoja kimechungulia, kitambaa kipya kitachanika hapohapo ndani ya mwezi, halafu jina linaloharibika ni lako.

King'oa pini changu cha zamani nilirithishwa na mzee aliyenifundisha kazi, kimeibiwa hapa hapa karakana. Basi nikaenda Kariakoo. Kwanza ukisema king'oa pini wanakuletea mtaimbo, ukisema cha kung'olea misumari midogo wanakuletea koleo, nimezunguka kama maduka sita mpaka nikaanza kuchora kwenye karatasi: mpini, shingo imepinda, mbele ulimi wenye V. Duka la saba kijana akasema "aaah kaka hicho kipo, ojino, Mjerumani, hiki utawaachia wajukuu." Kimeandikwa CR-V ubavuni, mpini mwekundu unang'aa, kwenye pakiti kuna picha ya msumari na picha ya pini. 25,000. Nikabembeleza tukafika 22,000 ila akasema kwa bei hiyo risiti ya EFD hakuna, na mimi kwa tamaa ya buku tatu nikakubali. Hapo nilijikaanga mwenyewe, najua, msianze kunisema.

Nimefika Keko nimeanza na kiti cha mtu mmoja. Sijamaliza upande mmoja ulimi umekunjika juu kama kijiko cha chai!! Chuma kilichoandikwa CR-V kinatakiwa kiwe kimechanganywa kromiamu na vanadiamu, ndiyo wanachotengenezea spana nzuri, hakikunjwi na pini ya sofa. Nikakinyoosha kwa nyundo, nikaendelea, mara nikiminya chini mpini unazunguka peke yake mkononi, chuma kimebaki palepale. Nikaongeza nguvu ndipo kikachomoka chote, mkono ukateleza ukaenda moja kwa moja kwenye pini iliyobaki mguu mmoja. Damu mpaka kwenye sponji. Nikaenda kuchoma sindano ya pepopunda, hela nyingine hiyo.

Nimerudi nimekichunguza. Mkia wa chuma ulioingia kwenye mpini ni sentimita 3 tu na gundi! Kile cha mzee chuma kilipita mpini mzima kikatokea nyuma, unaweza kukigonga na nyundo mwaka mzima. Nikapitisha tupa kwenye ulimi, inakula kama inakula sabuni. Chuma kilichokomazwa vizuri kwa moto tupa inateleza tu juu yake. Na ulimi wenyewe mnene hauingii chini ya pini, inabidi uchimbe mbao, na V pana kiasi kwamba pini inapita katikati inakucheka.

Nikarudi dukani. Kijana anauliza "ulikuwa unang'olea nini?" Nikamwambia pini. "Aaah bosi hiki ni cha misumari." Nikamwonyesha picha ya pini kwenye pakiti lake mwenyewe, akasema hiyo ni urembo wa pakiti. UREMBO. Halafu ananionyesha kibao ukutani "mali ikishauzwa hairudishwi". Watu wananiambia niende FCC (Tume ya Ushindani) maana ndiyo kazi yao bidhaa feki, naenda na nini sasa, pakiti na kidole?

Na siyo mimi tu. Jirani yangu anabomoa paleti anatengeneza meza za baa. Ile paleti ya Ulaya ya 1200 kwa 800 ina misumari 78, mingi ya kusokota, haitoki kwa kubembelezwa. Kanunua mtaimbo mdogo, siku ya pili umekatika makucha, ndani chembechembe za kijivu kama sukari guru, yaani chuma cha kumimina kimepakwa rangi ya bluu kinauzwa kama cha kufua. (Na nyie mnaonunua fanicha za paleti, angalieni muhuri: HT imepashwa moto, MB imepigwa dawa ya methyl bromide, hiyo usimtengenezee mtoto kitanda.)

Msiniletee habari ya Mchina. Mchina anatengeneza ulichomwagiza, ukimwagiza kizuri anakupa kizuri, tatizo ni huyu wa kwetu anayeagiza cha mwisho kabisa halafu anakiandika Mjerumani.

Kilichoniokoa ni mzee mmoja wa Gerezani anayefua vyuma. Nimempelekea kipande cha springi ya gari, kakifua, kakizimisha kwenye oili chafu, akakipasha tena kidogo kisiwe kama kioo, ulimi mwembamba kama kisu cha siagi na kisigino cha mviringo, ukikandamiza kinajibembea chenyewe pini inanyanyuka na miguu yote miwili. 8,000, na mpini nimechonga mwenyewe. Nimemaliza viti vitano nacho. Kibaya sana kwa sura, hakina hata rangi.

Sasa naomba kujua, kuna fundi humu aliyewahi kununua cha dukani kikafika hata miezi 6? Duka gani, njoo inbox. Na kama ni lile lenye kibao ukutani usijisumbue, kijana wao nishamjua.