Kashata za nazi zinabaki zikinata: tatizo liko wapi?

Mama wa Kisauni ameuliza:

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Shule zimefungwa, na kwa kuwa kila ifikapo saa kumi jioni watoto hutaka kitu cha kutafuna pamoja na chai, nimeamua kuwatengenezea vitafunio nyumbani badala ya kuwapa pesa wakanunue barabarani. Sina ovena, nina jiko dogo la gesi na seredani. Mahamri na viazi karai hayanipi shida, lakini kashata za nazi zimenishinda. Huchukua nazi moja iliyokunwa, vikombe viwili vya sukari, kikombe kimoja cha maji, iliki, pamoja na maji ya ndimu nzima kama tunavyotia katika shira ya kaimati, kisha hupika vyote pamoja hadi viwe vizito. Nikimimina kwenye sinia huonekana nzuri, ila zikipoa hazikatiki; hunata mkononi, na kufikia kesho yake huwa zimetoa maji. Je, sukari ni kidogo, au nazi mbichi ndiyo yenye maji mengi? Ningependa pia kujua kitu kingine kimoja au viwili ambavyo watoto wa miaka 6 hadi 12 wanaweza kusaidia kuvitengeneza.

Bi Mkubwa wa Kibokoni amejibu:

Waalaykum salaam, mwanangu. Sukari yatosha, na nazi haina lawama. Kinachoziharibu kashata zako ni ndimu. Katika shira ya kaimati tunaitia makusudi, kwa sababu asidi yake huivunja sukari ikawa glukosi na fruktosi, na mchanganyiko huo huzuia chembe za sukari zisishikane, ndiyo maana shira hubaki nyororo na yenye kung'aa hata ikipoa. Kashata zataka kinyume chake: sukari irudi kuwa chembe ndogondogo inapopoa, ndipo kipande kishikamane na kukatika vizuri. Isitoshe, fruktosi huvuta unyevu wa hewani kuliko sukari ya kawaida, na hewa yetu ya Pwani, hasa nyakati za masika, haina uhaba wa unyevu. Iondoe ndimu kabisa.

Jambo la pili ni utaratibu wa kupika. Teleka sukari vikombe viwili na maji nusu kikombe tu, bila nazi, ukoroge mpaka sukari iyeyuke, kisha uiache ichemke bila kuigusa. Baada ya muda, dondosha tone katika bakuli la maji baridi. Likitawanyika, bado, likijikusanya likawa donge laini unaloweza kulibonyeza kwa vidole, shira imefika, na mwenye kipimajoto ataona takriban nyuzi 115 za Selsiasi. Hapo ndipo utie nazi na iliki, upunguze moto, na ukoroge bila kuacha, kwa maana nazi mbichi huja na maji yake na kuilegeza tena shira. Usitazame saa, tazama sufuria: mchanganyiko ukianza kubanduka kwenye kingo na kufuata mwiko wote kwa pamoja, na ukiukokota pembeni ukaona sehemu ya chini ya sufuria iko wazi kwa kitambo kabla haujarudi, epua. Endelea kukoroga nje ya moto hadi ule mng'aro upungue, ndipo umimine kwenye sinia lililopakwa samli, usawazishe kwa mgongo wa upawa, na uchore mistari ya kukatia zikiwa bado na moto. Ukingoja zipoe kabisa, zitapasuka ovyo.

Wapo watakaokushauri utumie chicha iliyokwisha kukamuliwa tui ili usipoteze nazi. Mimi siafiki. Mafuta ya nazi yameshatoka, na kashata ya chicha ni kama kutafuna kamba.

Baba wa Likoni amejibu:

Shikamoo Bi Mkubwa. Maelezo ya ndimu nimeyafuata neno kwa neno. Naongeza moja tu juu ya kashata: kwetu tunatia maziwa nusu kikombe badala ya maji, na hutoka laini zaidi, zikawafaa wazee wasio na meno, ingawa maziwa huungua upesi na mpishi hawezi kuondoka jikoni. Naomba pia watoto wawekwe mbali wakati shira inachemka. Joto lake hupita lile la maji yanayochemka, na ikirukia ngozi hugandama, haimwagiki kama maji. Wape kazi ya kuponda iliki na kupaka sinia samli; mbuzi ya kukunia nazi waachie wakubwa wao.

Kwa kuwa una seredani, jaribu mkate wa sinia, ambao kwa maoni yangu ndio mtamu kuliko vyote na hauhitaji hata kukanda. Loweka vikombe viwili vya mchele usiku kucha, uchuje, usage kwenye blenda kwa kikombe kimoja na nusu cha tui zito, robo tatu ya kikombe cha sukari, kijiko kimoja cha chai cha hamira, na iliki. Usage hadi usisikie chenga ukipekecha kwa vidole, kwani hapa ndipo wengi huharakisha na mkate ukatoka na mchanga mdomoni. Uwe mzito kiasi cha uji wa kunywa. Ufunike uumuke kwa muda wa saa moja hivi, lakini kwa joto la Mombasa uchungulie mapema, maana hamira hufanya kazi haraka na rojo ikizidi kuumuka huchachuka. Pasha sufuria yenye mafuta kidogo, umimine, upunguze moto. Vitundu vikijitokeza juu na rojo ikaanza kukauka, weka mfuniko wa bati na upalie makaa juu yake mpaka uso uwe wa rangi ya dhahabu. Wengine huigeuza sufuria kifudifudi juu ya makaa; ni njia nzuri kwa mwenye mkono mzoefu, lakini mkate usioiva vizuri chini huangukia motoni.

Mwalimu wa Majengo amejibu:

Kwa watoto wa umri huo, mimi ningechagua mabuyu. Nunua yale meupe yasiyopikwa, Marikiti au Kongowea utayapata, na uyapepete ule unga unaodondoka uuweke kando. Chemsha kikombe kimoja cha sukari kwa nusu kikombe cha maji, iliki, rangi ya chakula kidogo na chembe ya pilipili ukipenda, hadi shira iwe nzito. Tia vikombe vitatu vya mabuyu, ugeuze kwa moto mdogo mpaka yakaukiwe, kisha uepue. Yakishapoa kiasi cha kushikika, wape watoto wayanyunyizie ule unga na kuyatenganisha moja moja. Mdomo utakuwa mwekundu mpaka kulala, lakini hilo ndilo wanalolitaka. Kwa walio chini ya miaka mitano siyapendekezi, kwa kuwa kokwa zake huweza kuwakaba.

Mama wa Kisauni ameandika:

Nawashukuru sana. Kumbe ndimu! Bi Mkubwa, zile kashata zinazonata bado ninazo kwenye bakuli. Je, nikizirudisha motoni zikaiva zaidi, zitashika?

Bi Mkubwa wa Kibokoni amejibu:

Hazitashika vizuri, mwanangu, kwa sababu sukari yake imekwisha kubadilika. Ukizidisha moto zitakuwa ngumu kwa siku hiyo, kisha zitavuta unyevu na kunata tena. Zitie mdalasini, uzipashe kidogo zilainike, uzitumie kujazia chapati za maji na kuzikunja. Watoto hawatauliza kitu. Na kashata mpya zikishakatika, ziache zipoe kabisa kabla ya kuzitia katika chombo chenye mfuniko unaobana, kwani zikifunikwa na joto hutoa jasho ndani na kulowana. Usizitie kwenye friji: kila ukizitoa, unyevu wa hewa ya nje hugeuka matone juu yake.