Mchicha pori sugu kwenye soya, Iowa: dawa ya magugu glifosati haifui dafu, naomba ushauri

Jembe_Iowa
Wakuu, salaam. Shamba liko kaskazini ya kati ya Iowa, mzunguko ni mahindi mwaka mmoja, soya mwaka unaofuata. Soya ya msimu huu ni Enlist E3 (aina inayovumilia glifosati, glufosinati na 2,4-D), mistari ya inchi 30, imepandwa mapema Mei bila dawa ya udongo, ile inayozuia magugu kuota. Mchicha pori ulipigwa glifosati, ukanyauka ncha kisha ukachipua. Ikafuata fomesafeni, dawa ya kuunguza majani, katikati ya Juni: majani yaliungua, lakini machipukizi ya kwenye viungo vya shina yakarudi. Sasa mwisho wa Juni mimea ina inchi 4 hadi 8, na soya haijachanua. Shina halina manyoya, jani ni jembamba na refu, na kikonyo ni kifupi kuliko jani lenyewe.

Je, kuna cha kuokoa msimu huu? Mwakani nianzie wapi? Na je, nikilima kwa plau nizike mbegu, itasaidia?

Mzee wa Palizi
Karibu mkuu. Kwa dalili hizo ni Amaranthus tuberculatus (waterhemp). Mchicha pori wa aina ya Palmer kikonyo chake hulingana na jani au hulizidi. Kabla hujanunua chochote, tuma majani kwenye maabara ya mimea inayopima usugu. Wanapima usugu kwa vinasaba, kwa glifosati na kwa kundi 14 ambalo fomesafeni imo (dawa za magugu hupewa namba za makundi kwa jinsi zinavyoua).

Ujue pia kwamba mchicha huu una mimea dume na mimea jike mbalimbali, kwa hiyo chavua husafirisha usugu kutoka shamba hadi shamba. Katika majimbo ya kati ya Marekani umeshathibitishwa kuwa sugu kwa kundi 2, 4, 5, 9, 14, 15 na 27, na mmea mmoja unaweza kubeba usugu wa makundi kadhaa kwa pamoja. Ndiyo maana kubadilisha dawa moja kwa nyingine kila mwaka hakutoshi. Kila mpigo uwe na makundi mawili ambayo bado yanaua mchicha huo huo. Glifosati ukiichanganya kwenye tangi usiihesabu, maana kwa mchicha wako haipo.

Fomesafeni usirudie. Mahindi yanahitaji miezi 10 tangu ipigwe. Ukiipiga tena Julai, mahindi ya Aprili mwakani yatatoka na mistari myeupe kwenye majani.

Nozeli
Kwa msimu huu una dawa mbili: 2,4-D kolini na glufosinati. Mimea ya inchi 8 imeshapita kipimo, kwa kuwa zote mbili zinataka inchi 4 au chini, kwa hiyo mpigo mmoja hautamaliza. Anza na 2,4-D kolini, painti 2 kwa ekari, kisha glufosinati siku 10 hadi 14 baadaye, wakia 32 za ujazo kwa ekari (ile yenye gramu 280 za dawa kwa lita). Tatizo ni kalenda: glufosinati haipigwi soya ikishaanza kuchanua. Ukiona ua la kwanza litatangulia, geuza mpangilio, glufosinati iende kwanza, na kwa 2,4-D usome kwenye lebo hatua ya mwisho inayoruhusiwa.

Glufosinati watu wengi wanaiharibu wenyewe. Haisafiri ndani ya mmea, inaua pale tu ilipogusa. Maji yawe galoni 15 hadi 20 kwa ekari, matone ya wastani hadi makubwa kiasi, na amonia salfati pauni 3 kwa ekari. Inahitaji jua kali, joto na unyevu hewani. Subiri saa mbili baada ya jua kuchomoza, na acha saa mbili kabla halijazama. Ukipiga jioni, kesho yake utaona madoa ya njano na mmea mzima umesimama.

Jembe_Iowa
Ahsante mkuu. Nozeli zilizopo ni zile za matone makubwa sana. Zinafaa kwa zote mbili?

Nozeli
Hapana. Kwa 2,4-D tumia zile tu zilizo kwenye orodha ya lebo, maana matone madogo yanapeperuka, na jirani mwenye zabibu au nyanya anaumia kabla hujafika mwisho wa mstari. Usipige jioni iliyotulia kabisa ambapo vumbi la barabara linaning'inia bila kupanda. Kwa glufosinati badilisha nozeli. Matone makubwa sana yanaacha machipukizi ya chini bila dawa, na hayo ndiyo yanayorudi.

BiSoya
Kaka Jembe, kiini cha tatizo ni kupanda bila dawa ya udongo. Mchicha huu unaota kuanzia mwisho wa Aprili hadi Agosti, na ukiota unaweza kurefuka inchi moja kwa siku. Hakuna dawa ya majani itakayouwahi peke yake.

Mwakani ni mahindi: asetokloro au S-metolakloro, pamoja na atrazini na mesotrioni, kipimo kamili cha udongo wako. Kipimo cha nusu hakikufikishi Juni. Atrazini ikome kabla mahindi hayajazidi inchi 12.

Soya ikirudi, siku ya kupanda weka sulfentrazoni au flumioksazini pamoja na piroksasulfoni. Flumioksazini ipigwe ndani ya siku 3 baada ya kupanda, udongo usiwe umeanza kupasuka, la sivyo miche inaungua shingo. Metribuzini ni nzuri, ila ardhi ya upande wenu ina maeneo yenye chokaa; pH ikipita 7.5 inaumiza soya, kwa hiyo pima udongo kwanza. Wiki 3 hadi 4 baadaye, pamoja na dawa ya majani, ongeza S-metolakloro iwe tabaka la pili. Kundi 15 (ndimo ilimo S-metolakloro) haliui kilichokwisha ota, na dawa ya udongo inahitaji mvua ya nusu inchi hadi inchi moja ili ishike. Na mistari ipunguze hadi inchi 15, kivuli kifunge mapema.

Mzee wa Palizi
Naunga mkono. Kuhusu plau: mbegu ni ndogo mno, huota kwenye nusu inchi ya juu, na nyingi hufa ndani ya miaka minne hivi. Ukizika mara moja kwa kina na usirudie plau miaka hiyo, inasaidia. Ukilima tena mwaka unaofuata unazipandisha juu zikiwa hai. Kwenye mteremko nisingeigusa. Ningepanda rai, nafaka ya kufunika udongo, baada ya kuvuna mahindi, niiache hadi ifikie takriban pauni 5,000 za majani makavu kwa ekari ndipo niiue na kupanda soya ndani yake. Rai fupi haizuii kitu. Kabla ya mahindi iue siku 10 hadi 14 mapema.

Fundi Kombaini
Shamba hilo livunwe la mwisho. Mmea jike mmoja unaweza kutoa mbegu 250,000 na zaidi, na wakati wa kuvuna soya, mbegu nyingi bado zimeshikilia juu ya mmea. Ukitoka, endesha kombaini tupu dakika kadhaa, fungua mtego wa mawe, puliza kichwa cha kuvunia na elevata.

Mimea itakayobaki Agosti ing'olewe kwa mkono pamoja na mzizi. Ukikata kwa panga inachipua kwenye kiungo cha chini na bado inatoa mbegu. Kung'uta kichwa kiganjani: zikidondoka punje nyeusi zinazong'aa, tia mmea wote kwenye gunia hapo hapo ulipo, usiuburute.