Tupeane uzoefu: mtoto wako alipataje mchezo wake?

Mama Bububu: Assalaamu alaykum. Mwanangu wa kiume ana miaka minane. Babake anataka acheze mpira, kila jioni wanatoka pamoja, na mtoto anarudi kimya. Jana nimemkuta uwani anacheza nage na wasichana wa jirani, anakwepa kila mpira, anacheka kicheko ambacho sijakisikia siku nyingi. Nyinyi mlifanyaje?

Kijana wa Ng'ambo: Mpira, bi mkubwa. Fei Toto katoka hapahapa Zanzibar. Nadir Haroub Cannavaro katoka hapahapa akawa nahodha wa Taifa Stars. Akizoea ataupenda.

Mtu wa Wete: Na wangapi wako barazani na magoti mabovu? Mwacheni mtoto.

Kijana wa Ng'ambo: Magoti yamesemwa na nani hapa?

Binti Malindi: Mama, hicho kicheko kimenikumbusha mdogo wangu. Alikuwa mrefu tangu mdogo, basi baba akakata shauri kuwa ni mtu wa basketi. Yeye akiaga anakwenda mazoezini, kumbe yuko Forodhani na wenziwe wanajitupa baharini kutoka ukutani. Hakuna aliyewafundisha. Siku hiyo ilikuwa bamvua, yale maji makubwa, na bamvua maji yakianza kupwa yanakwenda mbio. Wakubwa walishaacha kuruka. Yeye akajitupa kichwa mbele palepale alipojitupa mwanzo, maji yamekwisha. Mimi na mama tulikuwa pale tunanunua juisi ya miwa. Nikasikia "mtoto, mtoto!", sikujua kama ni wetu mpaka nilipoiona suruali ya skuli. Uso damu tupu, mkono hauinuki. Mzee mmoja wa mashua ndiye aliyemshika, akakataza watu wasimnyanyue shingo, akataka ubao. Alhamdulillahi ulivunjika mtulinga tu, mfupa wa begani. Hospitali baba akamuuliza kwa nini hakwenda mazoezini. Akajibu: "Kule naambiwa mrefu. Huku naambiwa hodari." Baba alitoka nje.

Mama Bububu: Subhanallah. Nimeisoma mara mbili.

Shoga wa Jang'ombe: Mwili umenisisimka. Ikawaje baadaye?

Binti Malindi: Baba alimtafutia mtu wa kumfundisha kuogelea vilivyo, na kuyasoma maji. Basketi haikutajwa tena nyumbani.

Nahodha Mstaafu: Kwangu mimi kuogelea ni kabla ya mchezo wowote. Sisi ni watu wa visiwani. Meli ya Spice Islander ilizama Septemba 2011, Skagit Julai 2012, bado kuna watoto wanaopanda boti kwenda Pemba na hawajui hata kuelea. Afundishwe hilo kwanza, mpira utamsubiri.

Shoga wa Jang'ombe: Na wa kike, nahodha?

Mwalimu Nungwi: Huku Nungwi wapo wasichana waliofundishwa na Panje Project, wamejistiri mwili mzima.

Abu Swaumu: Baharini mbele za watu? Stara iko wapi?

Mwalimu Nungwi: Wamevaa kutoka kichwani mpaka miguuni, ami. Bahari haichagui wa kike na wa kiume.

Abu Swaumu: Basi wawe peke yao na mwalimu mwanamke.

Shoga wa Jang'ombe: Hapo tumepatana. Wangu anataka mpira wa miguu, na FIFA tangu 2014 wameruhusu hijabu uwanjani. Kazi ni kumshawishi bibi yake.

Mama wa Watatu: Mnasahau mkondo wa skuli. Mtoto anayesoma mchana anatoka jua linakuchwa, na chuoni, kusoma Kurani, anakwenda asubuhi. Mazoezi atayaweka wapi? Wangu nimempeleka judo mwisho wa wiki. Ana pumu, nikaanza kwa daktari. Daktari hakumzuia, kasema apate dawa yake ya kuvuta na awe nayo mkobani, na mwalimu ajue. Msimfiche mwalimu maradhi ya mtoto hata siku moja!

Mtu wa Wete: Mimi nasema asichaguliwe kitu. Mwaka huu akimbie, mwakani baiskeli, mwaka mwengine voliboli. Atakaa anapopapenda.

Kijana wa Ng'ambo: Akirukaruka hivyo hatokuwa hodari popote.

Mtu wa Wete: Ana miaka minane!

Mama Bububu: Ahsanteni. Nimemuuliza leo baada ya kula, babake yuko kando. Kumbe mpira hauchukii. Kila siku wakubwa wanamweka golini, wanampigia mashuti, naye kazi anayoipenda ni kukwepa. Kuogelea pia anataka. Babake kasema Jumamosi wataanza kuogelea.

Kijana wa Ng'ambo: Mtoto anayejua kukwepa huyo ni winga! Nani aliyemweka golini?

Mtu wa Wete: Hujasoma? Kuogelea.

Kijana wa Ng'ambo: Nimesoma. Jumamosi aogelee, Jumapili winga.