Mrejesho: pesa yangu iliyolala kwa dalali huku Kanada

Ndugu zangu, miezi miwili iliyopita niliuliza niweke wapi dola 120,000 za Kanada, pesa ya nyumba, iliyokuwa imekaa kwa dalali wangu wa hisa bila kuzaa hata senti. Asanteni sana mlionijibu na kunielekeza kwenye akaunti za akiba za benki zinazouzwa kupitia dalali.

Hizi akaunti za akiba hununuliwa kwa msimbo, kama mfuko wa pamoja: ya benki ya TD ni TDB8150, ya benki ya RBC ni RBF2010. Riba huhesabiwa kila siku, hulipwa kila mwezi. Mimi nilikuwa nalinganisha riba tu, kumbe jambo kubwa ni daraja la akaunti! Daraja A lina kamisheni ya dalali ndani yake, kwa kawaida asilimia 0.25 kwa mwaka. Daraja F halina, ndiyo maana linalipa zaidi. Kwa pesa yangu tofauti hiyo ni dola 300 kila mwaka. Dalali wangu hakuwa na F, na za benki nyingine alikataa kabisa kuniuzia. Iliniuma, nikahama.

Kuhusu bima, CDIC, shirika la serikali la bima ya amana, hulinda dola 100,000 kwa kila taasisi mwanachama. Basi nimegawa: nusu daraja F la TD yenyewe, nusu daraja F la TD Mortgage Corporation, kampuni ya TD ambayo ni mwanachama anayejitegemea.

Aliyenishauri ninunue CASH (msimbo wa mfuko unaoweka pesa benki) kwenye soko la hisa, nakushukuru, ila ule ni mfuko na CDIC haiukingi. Pesa ya nyumba ya watoto siwezi.