Mjadala: Alfa ya 0.82 inatosha kulipitisha dodoso la usingizi kwa wauguzi?

Mtoa mada: Wakuu, dodoso la ISI, linalopima ukali wa kukosa usingizi, lina maswali 7. Kila swali lina alama 0 hadi 4, jumla 28, na mstari unaogombaniwa ni 15: kuanzia hapo tatizo huhesabiwa la kitabibu. Wauguzi 200 wakijaza mara moja, alfa ya Cronbach (namba ya uthabiti wa dodoso, ya juu kabisa ni 1) ikatoka 0.82, huwa inaandikwa "dodoso ni thabiti" na kazi inafungwa. Mimi nasema hapo hata nusu ya kazi haijafanyika.

Takwimu Tupu: Alfa inasingiziwa tu. Yenyewe inaonyesha maswali yanavyokwenda pamoja ndani ya karatasi moja, basi. Wastani wa uhusiano kati ya maswali ukiwa 0.4, maswali 7 yanakupa 0.82. Chukua maswali 20 yanayohusiana kwa 0.2 tu: unapata 0.83, kwa wingi wa maswali! Wapimwe tena watu wale wale.

Mpanga Zamu: Tena lini? ISI inauliza wiki 2 zilizopita. Ukirudi baada ya wiki 2, aliyekuwa zamu ya usiku yuko mchana. Alama zimeshuka kwa sababu usingizi umerudi, dodoso halina kosa. Ukirudi baada ya siku 3, siku 11 kati ya 14 ni zile zile na majibu bado anayakumbuka. Mrudie akiwa sehemu ile ile ya mzunguko: mzunguko wa siku 28, rudi baada ya siku 28. Na fomu iulize zamu ya mwisho ilikuwa ipi na iliisha saa ngapi.

Takwimu Tupu: Siku 28 ni nyingi. Ongeza swali la pembeni, "Usingizi wako umebadilika tangu ulipojaza mara ya kwanza?", kisha chambua waliosema hapana.

Mtoa mada: Hapo nakataa. Ukiwachuja unabaki na waliotulia na namba ya kupendeza, wakati dodoso litatumika wodini kwa wasiotulia. Toa namba zote mbili, ya wote na ya waliosema hapana.

Takwimu Tupu: Sawa, zote mbili. Ila ziletwe kwa lugha ya alama. Mkengeuko sanifu (alama za watu zinavyotawanyika kuzunguka wastani) ukiwa 5 na uthabiti wa kurudia (alama za mara ya kwanza na ya pili zinavyolingana) 0.84, kosa la kipimo ni 5 mara kipeuo cha pili cha 1 toa 0.84, yaani cha 0.16: alama 2. Ukiweka makosa mawili kila upande, mwenye 14 anaweza kuwa popote kati ya 10 na 18 hivi. Na hiyo 0.84 ndiyo watu wanaisifia.

Kalamu ya Tafsiri: Mnapigia hesabu sentensi msizozisoma. Kwa Kiswahili, aliyekesha kazini kakosa usingizi, na aliyejilaza saa nzima akikodolea dari naye kakosa usingizi. Wa kwanza hakupata nafasi. Wa pili ndiye tunayemtafuta. "Kulala" nako ni kujinyoosha au kusinzia. Andikeni: "Ukiwa kitandani na una muda wa kutosha, unapata shida kiasi gani kushikwa na usingizi?" Neno "usiku" liondoke kabisa. Dodoso la PSQI, linalopima ubora wa usingizi, linauliza saa ya kwenda kulala usiku. Anayetoka zamu asubuhi ajaze nini? Na wote wakikosea kuelewa kwa namna moja, alfa haitashtuka.

Mpanga Zamu: Ukibadili maneno, mstari wa 15 si wako tena. Utauhakiki upya kwa mahojiano ya kitabibu.

Kalamu ya Tafsiri: Uhakikiwe, ndiyo gharama yake. Kabla ya hapo, wauguzi 10 hivi wasome kila swali kwa sauti na waeleze walichoelewa, kisha ndiyo mchape fomu.

Mpanga Zamu: Na fomu zisikusanywe na msimamizi wa wodi. Kuna swali la jinsi wengine wanavyoliona tatizo lako. Muuguzi ataandika 0 akijua karatasi inapita kwa anayempangia ratiba. Bahasha ifungwe, jina liwe namba ya siri aliyojitungia mwenyewe kwa kanuni asiyoweza kuisahau. Akiisahau, fomu ya kwanza na ya pili hazioanishwi, na hapo hata hiyo 0.84 hamna pa kuipatia.