Mjadala: Mashine iachiwe kuamua nani afe kando ya Ruvuma?

Mwanzisha mada, Mtwara

Wakuu, mpunga wa bonde la mto Ruvuma, mpakani na Msumbiji, hulindwa usiku, maana viboko na nguruwe pori hawaji mchana. Mtu analala kwenye dungu na tochi yake, wengine na gobore la urithi. Mjomba wangu alisikia kishindo usiku mmoja, akashuka, akakutana na doria. Askari kijana akapaza sauti: "Nani wewe? Simama hapo hapo!" Mjomba akalaza gobore chini, akajitaja jina na kitongoji. Mwisho wake wakamwomba maji ya kunywa.

Sasa wekeni mashine mahali pa yule kijana. Sizungumzii ndege isiyo na rubani inayoongozwa na mtu. Nasema ile yenye akili mnemba, inayotafuta, kuchagua na kufyatua yenyewe. Itaona joto la mwili, chuma kirefu mkononi, mpakani, saa nane za usiku. Basi. "Nani wewe" haimo kwenye programu yake.

Jambo hili limeshafika Afrika. Ripoti ya jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya mwaka 2021 iliitaja Kargu-2, droni ya kushambulia iliyoundwa Uturuki, miongoni mwa silaha zilizowinda wapiganaji waliokuwa wakirudi nyuma Libya mwaka 2020. Desemba 2024 Baraza Kuu likapitisha azimio la kuendeleza mazungumzo kuhusu silaha hizi: kura 166 za ndiyo, 3 za hapana (Urusi, Belarus na Korea Kaskazini). António Guterres, akiwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alitaka mkataba wenye nguvu ya kisheria ufikapo 2026. Mimi nasema Tanzania iudai kwa sauti, zipigwe marufuku kabla hazijatufikia.

Mchangiaji, Tandahimba

Mkuu, mjomba apewe shikamoo yangu. Ila kijiji cha Kitaya, huku huku Mtwara, umekisahau? Oktoba 2020 wapiganaji waliovuka mto kutoka Msumbiji hawakumuuliza mtu jina. Waliua, wakachoma nyumba. Mashine haisinzii lindoni, haina hasira ya kulipiza kisasi kwa wanakijiji. Mama aliyezika mwanawe askari ukimwambia kulikuwa na chombo cha kusimama mahali pake, nasi tukakikataa, utamtazama usoni?

Mwanzisha mada

Kaka, Kitaya siisahau, na swali la huyo mama linaniuma. Chombo kikeshe, kione, kipige king'ora. Hapo tuko pamoja. Kufyatua kubaki kwa mtu mwenye jina. Tarehe 26 Septemba 1983 mitambo ya Kisovieti ilimwonyesha ofisa wa zamu, Stanislav Petrov, kwamba Marekani imerusha makombora. Alikataa kuiamini, akaripoti kuwa ni hitilafu. Kumbe ni mwanga wa jua uliopiga juu ya mawingu. Zamu ile ingekuwa ya mashine peke yake, sijui leo tungejadiliana wapi.

Halafu kuna kesi. Askari akimuua mjomba kimakosa, yupo wa kuulizwa. Mashine ikimuua, aliyeiunda atasema aliuza tu, kamanda atasema ilijiamulia. Sisi tutabaki na matanga.

Mchangiaji, Lindi mjini

Silaha ya kujichagulia wa kumuua tunaijua siku nyingi: bomu la kutegwa ardhini. Ng'ambo, Msumbiji, vita viliisha 1992, mabomu yakaendelea kukata watu miguu. Ilifika 2015 ndipo nchi ikatangazwa imesafishwa, na panya buku waliofunzwa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, walichangia kazi hiyo. Mkataba wa kuyapiga marufuku ni wa 1997. Lakini Marekani, Urusi na China hazijajiunga hadi leo, na 2025 nchi kadhaa za Ulaya zilianza kujitoa. Karatasi itamzuia nani, dada?

Mwanzisha mada

Haikuwazuia wote, ni kweli, na kujitoa kule kunanitia hofu. Ila nchi zaidi ya 160 zilijiunga, maghala yakateketezwa, na anayetega leo anajua anafanya kilichokatazwa. Miguu iliyopona kwa sababu hiyo haiwezi kuhesabiwa, lakini wenyewe wanaitembelea.

Mbunge wetu akija kijijini nitasimama nimuulize: siku vyombo hivyo vikinunuliwa, atakayeamua kufyatua ni nani, na jina lake litaandikwa wapi? Wa Tandahimba, nawe muulize wako.